Mazoezi ya kukata kona kwa pikipiki katika uwanja mtupu wa kuegeshea magari

WENGI wa wanaoendesha pikipiki nchini hujifunza kazi hiyo kwa alasiri moja. Rafiki au ndugu humkabidhi mwanagenzi ufunguo, humwonyesha gia zilipo na mahali pa kukanyagia breki, kisha humkimbilia kwa nyuma hatua kadhaa akimpigia kelele asiachie klachi kwa ghafla. Baada ya wiki moja mwanagenzi huyo huyo huwa amempakia mama na mtoto, na anateremka mlima asiozijua kona zake.

Ujuzi anaoukosa si wa kwenda mbele. Pikipiki ikishapata mwendo hujiweka wima yenyewe na haihitaji msaada mkubwa. Anachokosa ni namna ya kuipinda, kuizungusha mahali pembamba na kuisimamisha kabla ya kugonga, na mambo haya hayajifunzi yenyewe kwa kuendesha miaka mingi kwenye barabara iliyonyooka.

Uchunguzi mashuhuri zaidi kuhusu ajali za pikipiki uliongozwa na Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Southern California na kuchapishwa mwaka wa 1981. Wataalamu walifika papo hapo katika ajali 900 mjini Los Angeles na vitongoji vyake. Walibaini kwamba asilimia 92 ya waendeshaji waliohusika walikuwa wamejifundisha wenyewe au kufundishwa na jamaa na marafiki. Katika ajali ambazo pikipiki haikugongana na chombo kingine, kosa lililojitokeza mara kwa mara lilikuwa la mwendeshaji: kufunga breki kupita kiasi akateleza, au kuingia konani kwa kasi na kushindwa kuipinda pikipiki vya kutosha, hivyo akatupwa nje ya barabara.

Uchunguzi huo ni wa zamani na ni wa nchi nyingine, lakini picha hiyo haiwezi kumshangaza Mkenya. Kati ya mwaka wa 2021 na 2024 zaidi ya watu 4,000 walifariki kila mwaka katika barabara za Kenya, na wanaotumia pikipiki ni miongoni mwa makundi yaliyoathirika zaidi, pamoja na waendao kwa miguu.

Mataifa mengine yalikwisha kuingiza mazoezi ya uwanjani katika mtihani wenyewe wa leseni. Uingereza, tangu Aprili 2009, humtaka mtahiniwa apite kwanza kati ya koni katika uwanja uliotengwa, asimame kwa dharura na akwepe kizuizi akiwa kwenye kasi isiyopungua kilomita 50 kwa saa, kabla ya kuruhusiwa kufanya mtihani wa barabarani. Nchini Japani mtahiniwa hupita juu ya kidaraja chenye upana wa sentimita 30 na urefu wa mita 15. Hapo hashindi mwenye mbio. Wa pikipiki ya kadiri hutakiwa kukaa juu yake sekunde zisizopungua 7, na wa pikipiki kubwa sekunde 10.

Hapa nyumbani, kwa miaka mingi mtahiniwa wa leseni amefahamika kwa kusimama mbele ya ubao uliochorwa mji na kusukuma kigari cha kuchezea akieleza atapitia wapi. Ubao huo una faida yake katika kufunza sheria za mzunguko na njia panda. Kuinamisha chombo chenye uzito wa zaidi ya kilo 100 ni somo jingine kabisa.

Mahali pa kufanyia mazoezi

Uwanja wa kuegeshea magari ulio mtupu ndio darasa rahisi zaidi kupatikana. Maduka makubwa huwa na nafasi alfajiri ya Jumapili kabla ya kufunguliwa, makanisa huwa matupu siku za wiki, na shule wakati wa likizo. Nafasi ya takriban mita 60 kwa 30 hutosha kwa mazoezi karibu yote yatakayotajwa hapa. Ruhusa ya mwenye mahali ni lazima, na si kwa adabu tu: mlinzi asiyejua kinachoendelea atamfukuza mwendeshaji katikati ya zoezi, au mbaya zaidi, atafungua lango na kuruhusu gari liingie.

Kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, inapoeleza maana ya barabara huhesabu pia uwanja wa kuegeshea magari ambao umma unaweza kuufikia. Kwa hivyo aliye mle ndani bila leseni, hata ile ya mwanagenzi, au bila bima, hana kinga eti kwa sababu yuko nje ya barabara kuu. Kofia ya helmeti na jaketi ya kumulika huvaliwa huko kama kwingineko.

Sakafu yenyewe hukaguliwa kwa miguu kwanza. Magari huacha matone ya oili katikati ya kila nafasi ya kuegesha, na matone hayo hukusanyika hasa mahali injini hukaa. Mistari iliyopakwa rangi huteleza ikilowa. Viwanja vingi mijini sasa vimetandikwa matofali ya kabro, ambayo yakisuguliwa na matairi kwa miaka na kunyeshewa huwa laini kama sahani. Hapo ni heri kuahirisha mazoezi mpaka pakauke. Mchanga ulioletwa na maji ya mvua hufagiliwa. Nguzo za taa, kingo za saruji na mifereji huamua zoezi litaelekea upande gani, maana mwendeshaji akikosea ni lazima awe na mahali patupu pa kukoseshea.

Koni za kununua si lazima. Ndara kuukuu, vipande vya sponji au chupa za plastiki zilizotiwa maji kidogo hufanya kazi iyo hiyo, na mtu akizikanyaga hazimwangushi. Mawe na vipande vya tofali havifai. Chaki nayo ni muhimu kuliko inavyodhaniwa, kwani bila alama mtu hawezi kujua kama leo amefanya vizuri kuliko jana.

Pikipiki nayo hutazamwa kabla ya kuwashwa: upepo wa matairi ukiwa baridi, meno yake, ulegevu wa mnyororo, waya wa klachi na wa breki. Tairi lililopungua upepo huifanya pikipiki iwe nzito kupinda, na mwendeshaji atajilaumu bure kwa kosa la pampu.

Kwenda polepole

Ajabu ya pikipiki ni kuwa mwendo wa chini ndio mgumu. Zoezi la kwanza basi ni la kwenda kama konokono. Mwendeshaji huchora mistari miwili iliyoachana sentimita 30, kwa urefu wa mita 15, na kujaribu kupita katikati kwa muda mrefu kadiri awezavyo bila kuweka mguu chini.

Siri iko katika mambo matatu yanayofanywa kwa pamoja. Klachi hubanwa nusu, pale inapoanza kushika, ikaachwa iteleze kidogo. Kishikio cha mafuta huwekwa mahali pamoja, injini ikinguruma juu kidogo ya kawaida, wala hakifunguliwi na kufungwa kila mara. Mguu wa kulia nao hugusa breki ya nyuma kwa upole, ukiivuta pikipiki nyuma huku injini ikiisukuma mbele. Mvutano huo ndio huituliza. Breki ya mbele haiguswi kabisa mahali hapa. Usukani ukiwa umezungushwa na mwendo ni mdogo, kuibana breki ya mbele huiangusha pikipiki papo hapo kama ng'ombe aliyekatwa kamba, na karibu kila pikipiki iliyovunjika kioo au kishikio cha klachi katika uwanja wa mazoezi iliangushwa kwa njia hii.

Akishaweza kwenda polepole kwa kunyooka, mwendeshaji hugeuka. Shirika la Motorcycle Safety Foundation la Marekani, lililoanzishwa mwaka wa 1973 na ambalo kozi zake hufanyiwa katika viwanja vya kuegeshea magari, humtaka mwanafunzi wa pikipiki iliyo chini ya 600cc ageuke ndani ya upana wa futi 20, yaani kama mita 6. Pikipiki za kawaida za bodaboda, ambazo nyingi ni za 100cc hadi 150cc, ni nyepesi na fupi. Mwenye nayo hana sababu ya kushindwa na mita 6 baada ya siku chache.

Katika mgeuko huu wa polepole pikipiki huinamishwa chini ya mwendeshaji, naye hubaki wima, akiegemea kidogo upande wa nje. Mwanagenzi hufanya kinyume: hukaza mikono, huinama pamoja na chombo, na hutazama chini penye gurudumu la mbele. Kila anapotazama chini pikipiki humfuata huko chini.

Suala la macho lastahili kukaziwa. Pikipiki huelekea macho yaliko, si kwa muujiza, bali kwa sababu kichwa kikigeuka mabega hufuata na mikono hufuata mabega. Anayetazama shimo huingia shimoni. Anayeshtuka konani na kukodolea macho lori linalokuja, hulielekea lori hilo ingawa nafasi ya kupita ilikuwepo. Uwanjani tabia hii huvunjwa kwa njia rahisi: msaidizi husimama kando akainua vidole kadhaa, naye mwendeshaji anapozunguka hutakiwa kuvihesabu na kuvitaja kwa sauti. Hawezi kuvihesabu bila kugeuza shingo. Baada ya mizunguko ishirini hivi shingo huanza kugeuka yenyewe.

Kuchora nambari nane huunganisha yote hayo, upande wa kushoto na wa kulia kwa zamu. Karibu kila mtu ana upande anaouogopa. Huo ndio unaohitaji muda zaidi, ingawa mwili hupenda kurudia ule uliozoeleka.

Kusukuma usukani

Kutoka hapa kasi hupanda hadi kilomita 25 au 30 kwa saa, na somo hubadilika kiasi cha kuwakanganya hata waliozoea.

Pikipiki iendayo mwendo wa mtu atembeaye hugeuzwa kwa kuzungusha usukani upande unaotakiwa, kama baiskeli ya mtoto. Ikishapita takriban kilomita 20 kwa saa, anayetaka kwenda kushoto husukuma mbele mkono wa kushoto wa usukani. Gurudumu la mbele huelekea kulia kwa muda mfupi mno usioonekana, sehemu ya chini ya pikipiki hukimbilia kulia, nayo pikipiki yenyewe huinamia kushoto. Hapo ndipo hupinda kushoto. Anayetaka kulia husukuma kulia.

Kila mwendeshaji hufanya hivi bila kujua, la sivyo asingefika popote. Wilbur Wright, fundi wa baiskeli ambaye pamoja na nduguye Orville walirusha eropleni mwaka wa 1903, aliwahi kuwauliza waendesha baiskeli wengi jinsi wanavyogeuka kushoto, akagundua kuwa hawakuweza kueleza sawasawa walichokuwa wakifanya. Kutojua hakuna madhara siku za kawaida. Madhara huja siku ya hofu. Mtu aliyeingia konani kwa kasi, asiyejua kuwa kusukuma zaidi ndiko kutamwokoa, huvuta usukani kuelekea anakotaka kwenda, pikipiki ikajiinua wima, ikanyooka, ikatoka barabarani. Uchunguzi wa Hurt ulilitaja jambo hili waziwazi: ujuzi wa kusukuma usukani ili kukwepa ulikuwa haupo kabisa miongoni mwa wengi waliopata ajali.

Zoezi lake hufanywa kwanza kwa kunyooka. Mwendeshaji akiwa kwenye kilomita 30 kwa saa husukuma kidogo mkono mmoja kwa kiganja kilicho wazi, akasikia pikipiki inavyoitika, kisha mwingine. Hatimaye huweka ndara tano kwenye mstari, zikiachana mita 8 au 9, akapita baina yake kama nyoka. Asipinde kwa kutupatupa mwili. Viganja tu ndivyo vinavyofanya kazi, na mikono hubaki imelegea viwikoni.

Kukata kona kwenyewe kuna utaratibu usiobadilika. Mwendo hupunguzwa kabla ya kona, pikipiki ikiwa bado wima. Kisha macho hutangulia mpaka mwisho wa kona. Kisha mkono husukuma. Mwisho, mafuta huongezwa kidogo kidogo tangu pikipiki inapoinama hadi inapojiinua, ili springi za mbele zisizame na uzito ugawike magurudumu yote mawili. Anayefunga mafuta ghafla katikati ya kona huvuruga kila kitu. Anayebana klachi pia, na hapa ndipo hudhihirika ubaya wa ile tabia ya kuteremka milima gia ikiwa huru ili kubana petroli: pikipiki isiyo na gia haina injini ya kuizuia wala ya kuituliza, ina breki tu.

Hesabu ya kuinama haina huruma. Katika kona yenye nusu kipenyo cha mita 10, pikipiki iendayo kilomita 20 kwa saa huinama takriban digrii 17. Ikienda kilomita 30 kwa saa katika kona iyo hiyo hulazimika kuinama digrii 35 hivi. Nyongeza ya kilomita 10 imezidisha mlalo maradufu. Ndiyo maana kona inayopitika kwa utulivu kabisa hugeuka kuwa kaburi kwa tofauti ya mwendo ambayo dereva wa gari asingeihisi. Duara la mita 10 lichorwe kwa kamba na chaki, na lizungukwe kwa kilomita 15, kisha 18, kisha 20. Hakuna haja ya kufika 30.

Kusimama

Breki ya mbele huogopwa nchini kuliko inavyostahili. Wako wanaojivunia kutoigusa kabisa, na wengine huilegeza makusudi wasije wakaibana kwa bahati mbaya. Ukweli ni kwamba chombo kinaposimama uzito hukimbilia mbele, tairi la mbele likakandamizwa ardhini na la nyuma likawa jepesi. Breki ya nyuma peke yake huburuza tairi lisilo na uzito. Sehemu kubwa ya nguvu za kusimamisha iko mbele.

Jinsi ya kuibana ndilo jambo. Hubanwa kama mtu anayekamua chungwa, polepole kwanza na kwa nguvu baadaye, kwa kuwa tairi huhitaji nukta chache lipate kukandamizwa. Gurudumu la mbele likifunga, huachiliwa mara moja na kubanwa upya. Usukani sharti uwe umenyooka. Zoezi huanza kwa kilomita 20 kwa saa na breki zote mbili, na alama ya chaki huwekwa mahali pikipiki ilipotua. Umbali wa kusimamia hukua kwa mraba wa kasi: aliyesimama kwa mita 2.5 akiwa kwenye 20 atahitaji kama mita 10 akiwa kwenye 40, mbali na mita 11 ambazo pikipiki itakuwa imepita katika sekunde moja ya kushtuka. Wengi wanaposoma alama zao wenyewe sakafuni hunyamaza.

Kukwepa na kufunga breki havifanywi kwa wakati mmoja na anayejifunza. Tairi lina kiasi fulani cha kushika, na kilichotumiwa kupinda hakipo tena kwa kusimama. Huchagua moja, kisha jingine.

Nusu saa hadi dakika 45 hutosha kwa siku. Mkono wa klachi ukichoka makosa huanza kujirudia, na mwili hujifunza makosa kwa urahisi uleule unaojifunzia mema.

Kuna yasiyofundishika uwanjani. Kona Baridi, kwenye barabara ya Magadi, haina ndara za kupitia, na aliyeshuka bonde la Kerio kutoka Iten anajua kuwa barabara huweza kujipinda tena pale macho yalipodhani imekwisha. Huko kuna mbuzi, kokoto zilizomwagwa na malori, na matatu iliyohama upande wake. Kwa kuwa Kenya huendesha kushoto, kona ya kulia huingiwa mtu akiwa karibu na ukingo wa kushoto, na kona ya kushoto akiwa karibu na mstari wa katikati bila kuukaribia mno kiasi cha kichwa chake kuning'inia upande wa wanaokuja. Hivyo huona mbali zaidi.

Zoezi la mwisho, na ambalo wahudumu wa bodaboda hulihitaji kuliko mtu yeyote, ni la abiria. Awe mtu mzima aliyekubali, mwenye helmeti yake. Uzito wa nyuma huifanya mbele iwe nyepesi, usukani ulegee katika mwendo wa chini, na kona iwe pana. Abiria aliyeketi upande, miguu yote ikiwa sehemu moja, huivuta pikipiki upande huo muda wote, na yule anayejiinua kinyume na kona kwa hofu huipinga kabisa. Mwavuli mkubwa unaofungwa juu ya pikipiki nao hugeuka tanga upepo unapovuma ubavuni. Ufungwe na ufunguliwe kwa zamu, na tofauti ihisiwe pale uwanjani. Kisha nambari nane ile ile hurudiwa tangu mwanzo, upande wa kushoto na wa kulia, na alama za breki huchorwa upya kwa chaki ya rangi nyingine kando ya zile za kwanza.